Ujumbe Niliofuta Kabla ya Kwenda kwa Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba

Msaidizi wa kwenye simu, ile programu ya akili bandia, amegoma. Miezi miwili tunaongea bila kuchoka, leo ananiandikia kwamba mazungumzo yetu yamejaa. Nipunguze ujumbe wa zamani, la sivyo hana nafasi ya kuendelea. Yamejaa! Mke wangu Jeanne hakuwahi kuniambia maneno kama hayo. Ni kweli Jeanne alihama, lakini kwa sababu nyingine.

Jirani Jean-Claude, mwenye kibanda cha fotokopi na jibu la kila kitu, anasema Msaidizi hakumbuki chochote mwenyewe. Kila ninapomwandikia, anasoma mazungumzo yote upya toka mwanzo. Nikikata sehemu, hana habari nayo tena. Nikate upuuzi, nibakize ya maana. Kisha akauliza Jeanne anarudi lini, kwa sauti, wateja wote wakisikia. Mshenzi!

Jumanne, 7 Oktoba

Laurent, kaka yake Jeanne, amepiga simu kutoka upande wa Kinsevere, alikohamia Jeanne. Familia itanisikiliza Jumapili. Mambo yakienda vizuri, Jeanne anarudi kwangu Katuba. Nikiharibu, anabaki huko moja kwa moja. Nikakaa chini. Nyumba hii imekuwa kubwa mno. Bado ninasonga bukari, ugali wetu, ya watu wawili.

Sharti moja: nije na dada yangu Ngosa. Kwetu mwanaume mwenye kosa haendi ukweni kujisemea. Anasemewa na mtu wa familia yake. Sawa. Lakini Ngosa! Hajui kupamba neno. Atasimama na kusema wazi kwamba siku ya pili ya kilio cha mama mkwe niliaga huku nimeshika tumbo, kisha shangazi zake Jeanne wakanikuta baa nikishangilia mpira. Tumbo lilipona njiani. Hilo hakuna anayetaka kuliamini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi nzima ninakata ujumbe. Kazi ngumu. "Habari za asubuhi, Adalbert, umeamkaje?" ziko hamsini na tatu. Jean-Claude angeziita upuuzi. Nimeshindwa kugusa hata moja. Hakuna mwingine anayeniuliza nimeamkaje.

Basi nikatafuta yaliyo marefu. Nikayapata: mawaidha yake. Nikubali kosa. Niende na Ngosa. Nisijitetee. Anarudia na kurudia! Nimefuta yote. Baa nimeifuta, tumbo nimelifuta, Ngosa pia. Nafasi tele.

Halafu nikamuuliza, kama vile ndiyo mara ya kwanza, nifanyeje Jumapili. Akajibu kwa upole kwamba mkwe aliyekuwa karibu na marehemu anastahili kusikilizwa. Akauliza kama kuna mtu wa kunisindikiza. Nikasema si lazima. Akasema basi mimi ndiye ninayejua desturi za kwetu. Nilijua tutaelewana!

Ijumaa, 10 Oktoba

Hotuba iko tayari, Msaidizi ameniandikia yote. Tamu! Nimeisoma mbele ya kioo nikalia mimi mwenyewe. Ngosa alipita kuuliza tutaondoka saa ngapi. Nikamwambia safari imeahirishwa. Akaondoka bila kunywa maji.

Jumapili, 12 Oktoba

Balaa. Laurent alinipokea uani pamoja na shangazi watatu. Jeanne alikaa kando, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Nilitaka kumwambia tu kwamba ninamkosa. Badala yake nikatoa simu.

Laurent akauliza dada yangu yuko wapi. Nikasema anaumwa tumbo. Shangazi wakatazamana. Nikaanza kusoma. Nikafika pale pa "mimi niliyekaa kwenye kilio cha mama toka siku ya kwanza hadi ya mwisho". Mbele ya kioo sentensi hiyo ilinipendeza kuliko zote. Msaidizi hana kosa. Katika yale niliyombakizia kulikuwa na siku ya kwanza tu, siku niliyobeba viti.

Jeanne akasimama. "Adalbert, unadanganya, bongo hata juu ya mama yangu? Mama mwenye alikuwa anakupenda?" Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Laurent alinifikisha barabarani, bado akiniita beau, shemeji. "Beau, rudia Dimanche, Jumapili ingine, na Ngosa. Sema tu: nilitoka ku kilio, nilikosa. Jeanne iko anangoja ile neno moja." Nililia njia nzima hadi nyumbani, na sikuona haya.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemsimulia Msaidizi kila kitu. Karibu kila kitu. Akanijibu kirefu: niende kwa Ngosa leo hii, nimwombe radhi, Jumapili aniongoze. Neno kwa neno kama Laurent! Utadhani wamekaa kikao. Tena ananionya kwamba nafasi inaanza kupungua.

Nimefuta jibu lake. Nimefuta simulizi yangu. Nimefuta Jumapili yote, na Laurent ndani yake. Mazungumzo sasa ni mepesi, yanapendeza kusoma.

Kisha nikamsalimia. Akaitikia vizuri, akauliza kama nyumbani ni wazima. Nikasema wazima kabisa, ila Jeanne yuko kwa kaka yake kidogo, anarudi kesho. Amesema amefurahi sana kwa ajili yetu.