Kitabu Kilichomharibu Fahali Wangu

Cleophas Shitanda,
Karibu na soko la Shinyalu,
Kakamega.
Ijumaa.

Kwa Mhariri wa Vitabu vya Watoto,
(jina la kampuni yenu limetafunwa; sababu inafuata).

Ndugu Mhariri,

KUH: KITABU CHENU CHA KUCHEKESHA NA MADHARA YAKE KWA FAHALI WANGU

Natumai u mzima wa afya na watu wa nyumbani kwako hawajambo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye nimekasirika, na fahali wangu, ambaye hakasiriki tena. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nijitambulishe kwanza, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa ovyo. Nilikuwa karani wa chifu kwa miaka ishirini na sita. Barua za malalamiko nimepokea nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na nyingi zilikuwa upuuzi mtupu. Hii si mojawapo.

Fahali wangu anaitwa Tingatinga. Huku kwetu Isukha fahali wa kupiganisha si mfugo wa kawaida. Babu yangu alikuwa naye wake, baba alikuwa naye wake, na mimi ninaye huyu. Jumamosi asubuhi tunamtoa kwa ngoma za isukuti na filimbi, tunamsindikiza tukiimba mpaka uwanjani, na huko anakutana pembe kwa pembe na fahali wa watu wengine. Anayegeuka akakimbia ameshindwa, na mwenyewe hanywi chai sokoni mwezi mzima kwa aibu. Sasa, fahali wa namna hiyo hatengenezwi kwa majani peke yake. Anafungiwa zizini, gizani, haoni ng'ombe mwenzake, haongeleshwi, habembelezwi. Anakaa huko akiwaza mabaya. Ikifika Jumamosi ana hasira ya wiki nzima na hana pa kuiweka. Hiyo ndiyo siri yote, nakupa bure.

Sasa sikia mlivyoniharibia.

Nina mjukuu anaitwa Beverly, yuko Gredi ya Tano. Mama yake, binti yangu Sellah, alienda kufanya kazi Uarabuni mwezi wa kwanza akatuachia. Mtoto ana kigugumizi. Akianza neno linakwama, na darasani wenzake hawamngoji, wanamcheka, basi akaamua kunyamaza. Tangu Januari mpaka Pasaka nilisikia sauti yake mara tatu, na mara mbili alikuwa anakohoa. Mwalimu wake, Mwalimu Chepkorir, akampa kitabu chenu kiitwacho Kengele ya Shule Imetoroka, akamwambia akisome kwa sauti kila siku mbele ya mtu ambaye hatamcheka wala kumharakisha.

Katika boma langu lote, Ndugu Mhariri, mtoto huyo alimchagua Tingatinga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ruhusa haikuombwa. Kila siku saa kumi, akishavua sare, Beverly anafungua mlango wa zizi ili apate mwanga, anapindua ndoo, anaketi, anasoma. Giza nililomwekea fahali huyo kwa miaka mitatu limeisha kwa wiki moja.

2. Kitabu chenyewe kinachekesha. Ningeelewa kama kingekuwa cha mawaidha, kama vile tulivyosomeshwa sisi tukalala tukiwa tumesimama. Chenu kina watoto watatu na jogoo mwoga wanaomsaka mwizi wa kengele ya shule. Wanatumbukia mtoni. Wanapotea ndani ya shamba la miwa siku mbili, kumbe wanazunguka mti uleule. Halafu mwalimu mkuu mzima anajificha ndani ya pipa la uji! Nauliza kwa heshima: uji huo ulikuwa wa moto ama ulikuwa umepoa? Kitabu hakisemi, na hiyo ni kasoro kubwa. (Nilikisoma kwa ajili ya uchunguzi tu.) Wakifika hapo kwenye pipa, Tingatinga anapuliza pua mpaka pumba zinaruka. Mke wangu anasema fahali anacheka. Mimi nasema ni mafua.

3. Fahali amefundishwa kungoja. Beverly akikwama, Tingatinga anainamisha kichwa upande mmoja na kutulia mpaka neno litoke. Siku moja neno "kengele" lilichukua muda wa maji ya ugali kuchemka. Alingoja! Jameni, fahali wa vita angoje nini? Fahali aliyejua subira amekwisha.

4. Hili nimelifuta. Mke wangu, Mama Sellah, alilisoma akasema nisijiaibishe mbele ya watu wa Nairobi.

5. Jumamosi mbili zilizopita alipangiwa Kamishna, fahali wa Chrispinus. Huyu Chrispinus ni jirani yangu wa ng'ambo ya mto, na amengojea miaka mingi apate siku ya kunicheka. Watu walijaa uwanjani mpaka wengine wakapanda miti. Kamishna akachimba ardhi kwa kwato, akanguruma. Tingatinga akamwendea polepole, akamnusa sikio, akainamisha kichwa upande mmoja, akangoja Kamishna aseme neno. Kamishna hakuwa na la kusema. Basi Tingatinga akajilaza katikati ya uwanja. Ngoma zikanyamaza. Mtu mmoja akauliza kama aletewe mto wa kulalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Huku kwetu wasipopigana anayeumia ni mimi.

6. Kamati ya wazee wa fahali imekaa. Tingatinga amepewa Jumamosi moja tu ya kujitetea, nayo ni kesho, na ni Kamishna tena. Akikimbia ama akilala, Jumatatu anapelekwa kwa mchinjaji. Hiyo ndiyo kanuni ya kamati, na mimi katibu ndiye niliyeiandika katika daftari kwa mwandiko wangu mzuri. Chrispinus ameshaagiza matumbo. Beverly amesikia habari hiyo na tangu jana hajatia obusuma, ugali wetu, mdomoni. Mama Sellah ananipa chai bila kuniangalia. Utaona mwenyewe kwamba kitabu chenu hakikuvunja zizi tu, kimevunja na nyumba.

7. Karatasi yenu ni tamu kupita kiasi. Juzi Beverly alisahau kitabu kwenye hori, na Tingatinga akala sura ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho, akamalizia na jalada la nyuma lenye jina la kampuni. Limebaki sanduku la posta peke yake. Sasa hakuna mtu hapa anayejua ni nani aliyeiba kengele. Si kwamba mimi nataka kujua.

Usifikiri nimekaa tu mikono kifuani. Nilijaribu kumrudishia hasira zake. Nilimnyima chumvi, akanilamba mkono. Nilimtukana, nikajisikia vibaya nikarudi kumwomba msamaha. Mwisho nilimsomea kumbukumbu za mikutano ya kamati, za miaka yote, nikijua hakuna kiumbe anayeweza kuzisikiliza bila kukasirika. Alilala kabla ya ajenda ya pili. Mimi mwenyewe niliamshwa na kuku.

Kwa hivyo nadai yafuatayo. Kwanza, mambo yote ya kuchekesha yaondolewe kitabuni, mkianza na jogoo. Pili, mchapishe onyo kwenye jalada, kwa herufi kubwa, kwamba kitabu hiki kisisomwe mbele ya mifugo. Tatu, mnitumie haraka kitabu kingine cha kuudhi, na najua mnavyo, kwa maana nilisoma shule. Nne, mtume afisa wenu aliyevaa tai, asimame mbele ya kamati, akiri kwamba kosa ni la kampuni na si la fahali. Kosa likiwa la kampuni, kamati haitakuwa na wa kumchinja. Hilo la nne ndilo linalonikosesha raha zaidi, kwa sababu kesho ni karibu na Nairobi ni mbali.

Nisalimie wote ofisini mwako: wachapaji, wachoraji (yule jogoo mlimchora vizuri, hilo sitalikataa), na mama wa chai. Mwandishi usimsalimie. Au msalimie kidogo tu. Mama Sellah anawasalimu. Beverly angewasalimu, lakini ana maneno machache na anayaweka kwa ajili ya zizini. Tingatinga yuko katika kusikiliza.

Mimi wako mwenye hasira na adabu,

Cleophas Shitanda
Karani Mstaafu wa Chifu, na Katibu wa Kamati ya Fahali

Tanbihi, Jumapili.

Jana posta ilifungwa kabla sijafika, kwa hivyo barua hii bado ninayo, na inabidi niongeze machache.

Jana uwanjani Tingatinga alimwendea Kamishna, akamnusa, akangoja, akalala. Vilevile kabisa. Chrispinus alicheka mpaka akamshika mwenzake bega asianguke. Ikabidi katibu asimame asome kanuni mbele ya watu, na katibu ni mimi. Nikafungua daftari. Nikaliona lile neno "mchinjaji" kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikafungua mdomo, na neno likakataa kutoka. Nikajaribu tena, wapi! Watu wakaanza kucheka, wengine wakapiga kelele nisome haraka jua linapanda. Sikuwa nimejua kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa.

Hapo Beverly akapenya katikati ya miguu ya wazee, akaenda kusimama karibu na kichwa cha Tingatinga, akainua mkono kama yuko darasani. Mwenyekiti, kwa kukosa la kufanya, akamruhusu. Akaanza. Ha. Ha. Ha. Kuna kijana mmoja nyuma akaangua kicheko. Tingatinga akageuza kichwa chote, na pembe zake, akamtazama. Kijana akanyamaza. Basi uwanja mzima ukangoja, wenye fimbo, wenye ngoma, na waliokuwa juu ya miti. Neno likaja, na mengine nyuma yake, mazima, kwa sauti ambayo hata Chrispinus aliisikia: hajamaliza kitabu.

Kamati ilikwenda kando kushauriana. Wazee wa Isukha ni wagumu, lakini si washenzi. Hata mwizi hatolewi nje hadithi ikiwa katikati. Ikapitishwa, na nikaandika mwenyewe katika daftari chini ya ile kanuni ya zamani: fahali asichinjwe mpaka hadithi yake iishe. Mwenyekiti akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, hiyo hadithi inahusu nini. Beverly akaanza sura ya kwanza palepale. Alikwama mara nyingi na hakuna aliyemharakisha. Tulifika kwenye pipa la uji saa sita mchana, na Kamishna naye alikuwa amelala. Chrispinus anasema uji lazima ulikuwa umepoa. Mimi nasema ulikuwa wa moto. Hatusemezani tena, lakini sasa ni kwa jambo la maana.

Kwa hivyo lalamiko la kwanza, la pili, la tatu, la tano na la sita nayaondoa. Lile la nne nalirudisha, maana Mama Sellah amelala. Lilisema hivi: kwamba kila siku saa kumi nilikuwa nyuma ya zizi na jembe, nikipalilia mahali pasipo na magugu, nikisikiliza, na kwamba mtoto alipoambiwa atafute mtu asiyecheka wala kuharakisha, hakunifikiria mimi babu yake, na hakukosea. Hilo liliniuma kuliko matumbo ya Chrispinus. Lakini jana jioni alipindua ndoo ya pili. Nikaketi.

Limebaki la saba, na hapo ndipo nawaomba, tena kwa magoti. Sura ya kumi na mbili msiilete! Mkituma nakala nyingine Shinyalu, ichaneni kwanza. Na mwandishi, ambaye namsalimu sana, yeye na watoto wake, mwambieni aandike kitabu cha pili, na cha tatu, na cha kumi, na awaache wale watoto wapotee ndani ya miwa watakavyo. Mwizi wa kengele asikamatwe. Fahali huishi miaka mingi akitunzwa, na Beverly ndio kwanza ameanza kusema.