Sukari Niliyoificha Hadi Iringa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimekata bima ya afya. Wakala ni Faustina, tunasali naye jumuiya moja hapa Mwanjelwa. Dada mstaarabu, ila ana maswali kama trafiki. Akauliza kama nina ugonjwa wa zamani. Nikamwambia mwili huu umepanda malori hadi Lubumbashi na haujawahi hata kupiga chafya. Akasisitiza: kaka Jofrey, ukisema ukweli wanakupokea, unasubiri tu muda kidogo, ukificha, siku ukilazwa hawalipi. Maneno ya biashara hayo. Nikasema sina.

Sukari ninayo miaka. Anajua mke wangu Ikupa na watu wa kliniki, basi. Wakati wote wa mazungumzo mguu nimeuficha chini ya kiti. Kidole gumba kina kidonda, nilikanyaga msumari gereji.

Jumatano, 5 Juni
Kadi inaanza kazi Ijumaa. Kidole kimevimba. Ikupa anataka twende hospitali leo hii. Nimemfafanulia mpango: hapa Mbeya faili langu la sukari ni nene kama Biblia. Nitakwenda Iringa kwa dada yangu Marta. Kule hawanijui. Daktari atapima, atashtuka, ataandika ugonjwa mpya. Kampuni italipa.

Ikupa akasema kidonda hakijui Ijumaa ni lini. Akageukia ukutani. Hajavuka hata mpaka wa Tunduma, atajua nini mambo ya makampuni.

Alhamisi, 6 Juni
Homa. Ncha ya kidole imekuwa nyeusi. Dukani kwangu, kwenye vipuri vya magari, nimevaa buti la mvua kuzuia harufu. Mteja akauliza kama kuna panya amekufa nyuma ya shokamzoba. Nikasema ndiyo, pole sana, nikampa na boliti za bure.

Jioni nimekibonyeza kidole. Sikusikia kitu. Nikabonyeza tena. Bado siku moja tu, Jofrey. Vumilia.

Ijumaa, 7 Juni
Iringa. Marta alipouona mguu alikaa chini sakafuni. Tukaenda hospitali.

Daktari ni kijana. Akasema sukari iko juu sana, kidole lazima kitoke, tukichelewa ni mguu. Akauliza nimekuwa na sukari tangu lini. Nikasema, sukari ipi, daktari? Akauliza natumia dawa gani, maana watanipa nusu kaputi na asipojua anaweza kuniua mezani. Nikamwambia situmii hata dawa ya mafua. Marta akanitazama. Jasho linanitoka na baridi hii.

Simu ikalia. Ikupa kaandika kwenye grupu la jumuiya: wapendwa, tumwombee mume wangu Jofrey, yuko Iringa, ile sukari yake ya miaka yote imeingia mguuni. Nikampigia kwa hasira. Akasema ombi lazima litaje ugonjwa, huwezi kumpelekea Mungu mafumbo.

Amina zinamiminika. Faustina anaandika. Faustina kaacha. Faustina anaandika tena. Sijawahi kuogopa simu namna hii. Ikaja: amina kaka, mambo ya bima tutaongea, sasa hivi mtajie daktari dawa zako zote, tunakutaka ukiwa hai.

Nimemtajia zote. Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama kama baba mkwe.

Jumatano, 12 Juni
Kidole hakipo. Mguu upo. Kampuni imekataa kulipa, Ikupa ameuza pikipiki yangu. Mimi nimegawa machungwa ya Marta wodi nzima, wagonjwa wananiita mheshimiwa.

Faustina kapiga. Kaniombea kwa wakubwa wake: watanipokea upya, na sukari yangu, mradi niseme kila kitu safari hii. Akauliza kama kuna ugonjwa mwingine. Asubuhi nesi alinipima presha mara mbili, akaenda kumwita mwenzake, wakanong'ona. Nikasema hakuna, dada Faustina, sasa mimi sina siri.

Kisha nimempigia Ikupa. Kwenye grupu ataje mguu tu. Presha nitaiombea mwenyewe.