Shule Iliyotakiwa Kuwa Tupu

Jumatatu, 3 Novemba

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Naogopa watoto. Si wote. Wale wadogo, wa miaka minne mpaka sita, wanaokutazama bila kupepesa na kukuuliza kwa nini una pua kubwa. Mmoja akinitazama, sauti inakauka. Wakiwa wawili, nasahau jina langu. Jambo hili lisingekuwa na uzito kama Shangazi asingeniandika, kwenye maombi ya kufungua shule, kuwa mwalimu msaidizi wa chekechea.

Nilipaswa kukataa. Lakini Shangazi ameacha kazi ya miaka mingi kwa ajili ya shule hii. Madarasa matatu, uwanja, vyoo vipya vyenye milango ya kijani. Analala kwenye chumba kitakachokuwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mchana kitanda kinageuka benchi la wageni. Mwenye nyumba amesema cheti cha usajili kisipotoka kabla ya mwisho wa mwezi, jengo anampa jirani, mwenye duka la saruji, aongeze stoo. Jirani huja kila jioni na futi yake kupima kuta. Hata hasalimii. Anapima tu.

Kwa hiyo nimenyamaza. Na nimeazimia kwamba cheti kitatoka kwa jitihada zangu. Kimya kimya, kama kawaida yangu.

Jumanne, 4 Novemba

Binamu yangu, mtoto wa Shangazi, tunamwita Spika. Hajawahi kunyamaza akiwa macho. Leo amerudi na kibali cha afya. Amesimulia mara tatu jinsi alivyomchangamkia bwana afya wakati matundu ya vyoo yanahesabiwa: ya wavulana, ya wasichana, ya walimu. Shangazi akamwita mwanaume wa shoka. Mimi ndiye niliyevisugua vyoo hivyo! Nikaambiwa niongeze chai. Spika akauliza kama leo nitasema neno, au yote nimewawekea wanafunzi.

Kesho kutwa wanakuja zimamoto. Wanataka ndoo nyekundu za mchanga. Nimejitolea. Mchanga wa kuzoa tu si heshima. Nimeuchekecha wote kwa chujio la chai mpaka umekuwa laini kama unga. Wataona kazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Aibu. Mchanga laini vile ulimpendeza paka wa jirani.

Afande wa zimamoto, mtu mzito mwenye masharubu, aliingiza mkono kwenye ndoo mpaka kiwiko kupima kina. Akautoa. Akautazama. Akauliza kwa upole nani mhusika wa ndoo hizi. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Spika akawahi: mhusika ni huyu dada hapa, afande, tangu utotoni anapenda sana wanyama. Afande alinawa mpaka sabuni ikaisha. Kibali ametoa, kwa sharti kwamba ndoo ziwekwe vifuniko. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nina jina jipya sasa. Mama Paka.

Ijumaa, 7 Novemba

Imebaki Idara ya Elimu. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Jioni nimepita madarasani. Viti vidogo vitupu, ubao haujaguswa, nyayo zangu zinaitikia. Shule gani haina sauti? Mkaguzi ataona stoo! Ndipo wazo likaja, zuri mpaka nikalazimika kuketi.

Watoto wa kuazima.

Nimemfuata mama muuza mboga. Alinitaka nirudie mara tatu, akidhani naulizia nyanya. Aliponielewa akasema mwanangu, chukua, tena ukiweza kaa nao mpaka usiku. Amewaambia wenzake. Nimepata kumi na mmoja. Nimewaahidi biskuti. Sijamwambia mtu nyumbani. Safari hii Spika hatanipokonya sifa.

Jumatatu, 10 Novemba

Siwezi kuandika vizuri.

Mkaguzi ni mama mwembamba mwenye miwani ya kamba na viatu visivyotoa sauti. Alitazama madirisha, upana wa milango, uwanja. Alimsifu Shangazi. Ndipo nikafungua darasa la mwisho. Watoto kumi na mmoja wakasimama, wakaimba kumkaribisha mgeni. Uso wa Shangazi ukabadilika. Nikadhani ni furaha.

Mkaguzi akafunika kalamu. Akauliza shule hii inafundisha tangu lini. Kumbe kila mtu alijua isipokuwa mimi: shule ambayo haijasajiliwa hairuhusiwi kupokea mwanafunzi hata mmoja. Ni kosa. Maombi yanafutwa. Shangazi akaapa kwamba yeye hawajui watoto hawa. Spika alinyamaza, kwa mara ya kwanza maishani. Mimi nikajitahidi kueleza. Nikasema: wa. Basi. Wa.

Aliyetuokoa ni mtoto wa muuza mboga. Alipoulizwa amejifunza nini hapa, akajibu hawajajifunza kitu, wamefuata biskuti, na yule dada mwenye pua amesema wakitulia wataongezewa. Mkaguzi alinitazama pua. Akasema atarudi Alhamisi. Akikuta hata kandambili moja ya mtoto, faili linafungwa.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi kwenye benchi ambalo ni kitanda chake, akaniambia mwanangu, najua ulitaka kunisaidia. Sasa nisaidie kwa kutofanya lolote. Nimeapa. Jirani alipokuja jioni, alipima mpaka chumba hicho, na Shangazi akiwa ndani.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikufanya lolote. Naandika hili kwa moyo mweupe. Asubuhi nzima nilikaa kwenye kizingiti cha nyuma, mikono mapajani.

Mlango wa uani ukasukumwa. Watoto! Wote kumi na mmoja, na mdogo mmoja zaidi. Wamefuata biskuti. Na huko mbele Spika anamkaribisha mkaguzi kwa hotuba isiyo na mwisho. Nikamshukuru Mungu kwa mdomo wa Spika.

Kuna pengo kwenye ukuta kati yetu na stoo ya jirani. Nikawapenyeza mmoja mmoja. Giza kidogo, vumbi, mifuko ya saruji hadi darini. Mdogo akaanza kukunja uso. Akilia, tumekwisha. Wote wananikodolea macho, bila kupepesa.

Nikafungua mdomo. Nikawasimulia, kwa kunong'ona, habari za afande na ndoo ya mchanga. Nikawaonyesha jinsi mkono ulivyoingia. Nikawaonyesha jinsi ulivyotoka. Wakajiziba midomo, mabega yanatikisika. Wakataka tena. Nikarudia. Katikati ya mara ya tatu nikainua macho: jirani amesimama mlangoni na futi yake.

Nilijua ndio basi. Angepaza sauti kidogo tu, jengo lingekuwa lake. Aliwatazama watoto. Akanitazama mimi. Kisha akauliza, naye kwa kunong'ona, kama paka mwenyewe ni yule wa kijivu. Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Akasema, endelea, mwalimu.

Ijumaa, 14 Novemba

Cheti kimetoka! Mkaguzi ameandika: jengo tupu, safi, tulivu. Shangazi amekitundika juu ya kitanda, akasimama mbele yake mpaka chai ikapoa. Kisha akanishika mashavu, akasema, umeona mwenyewe, ukitulia mambo yanakwenda. Nimekubali. Akashangaa kidogo kwa nini watoto wa mtaa huu jana walikuwa weupe vichwani kama wazee. Nimesema sijui.

Jirani amekuja jioni. Hakupima. Ameuliza kama mjukuu wake anaweza kuanza chekechea, na kama ataruhusiwa kuja na paka.

Sasa kimebaki kibali kimoja, cha bango la shule. Spika anasema yeye atakwenda kuongea na afisa. Hakuna haja. Nimeshapata wazo. Linahitaji ngazi ya jirani, rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka ndoo, na watoto wanne wepesi.

Wewe unayesoma, tafadhali, yabaki kwetu. La stoo, la ngazi, na lile la mwanzo, la woga wangu. Shangazi asijue. Na watoto, hasa watoto, wasijue kabisa.