Kitambaa cha Kuchunguza Mwanga

Jumatatu, 18 Agosti
Nimeipata kazi! Mimi, Shuaibu, fundi cherehani, nimepewa ukuta wa mapokezi katika jengo jipya la ofisi, Zinga. Bwana Humaid, mkuu wa ofisi, anataka kitambaa cha sanaa "kinachochunguza mwanga". Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Shangazi Arafa kaapa: nikivurunda hii, cherehani inauzwa, narudi dukani kwake kupima mchele.

Jumanne, 19 Agosti
Kichwa kinaniuma. Nuru ina nini cha kuchunguzwa? Si inaonekana! Kisha ikanijia. Kumbe ofisini mna mwanga, yule wa kuroga hasa, na Bwana Humaid anaona haya kusema. Maskini! Nimenunua kaniki, nyeusi tii. Naishonea macho ya kumchunguza.

Jumatano, 20 Agosti
Wahida, fundi mwenzangu wa Kaole, kaja kuchungulia. Kumbe naye kaombwa alete chake! Anachomoa nyuzi kwenye kitambaa cheupe cha marekani, ati jua lipenye. Nimecheka mpaka basi. Mwanga gani atanaswa kwa matundu? Si atapita humo humo!

Alhamisi, 21 Agosti
Nimekwenda ofisini kupeleleza. Masoud wa mapokezi kasema hamshuku mtu, ila mhasibu huwa wa mwisho kutoka. Mhasibu naye kaninong'oneza kuwa Masoud hukesha usiku, na asubuhi hapigi hata mwayo. Sasa sielewi kitu. Nimeongeza macho.

Jumatatu, 25 Agosti
Kimetundikwa! Kimeziba na dirisha. Giza tupu, macho yanakodoa. Wafanyakazi wote wakapitia mlango wa nyuma. Bwana Humaid akauliza mwanga uko wapi. "Uko"! Msomi mzima, hajui husemwa "yuko"? Nikamjibu kwa adabu kwamba bado hajapatikana, ila namshuku Masoud. Masoud akaangua kilio.

Jumanne, 26 Agosti
Changu kimeteremshwa. Kimepanda cha Wahida. Jua linapenya, ukuta umejaa nyota, watu wanapiga picha. Roho imeniuma, sifichi. Bwana Humaid kanieleza polepole kwamba alitaka nuru tu, ya jua. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kisha nikafikiri: mtu mwema angekiogopea nini kitambaa changu? Kumbe mwanga ni Bwana Humaid mwenyewe!

Jumatano, 27 Agosti
Niko dukani, napima mchele. Cherehani inachukuliwa kesho. Leo Shangazi kaja na ungo mpya. Ati wa kupepetea! Nimemwitikia tu. Kaniki iliyobaki inatosha mlango wa duka. Nashona macho upesi.