Kabati la Daktari na Kiingereza cha Ndani

Jumatatu, 4 Machi
Bosi wa karakana ametangaza: atakayewaelewa vizuri wateja wa Kiingereza atahamia meza ya mbele, chini ya feni. Feni! Mimi niliyezeekea kwenye vumbi la mbao! Mpinzani ni mmoja tu, shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa vanishi. Kiingereza chake ni salamu na samahani, basi. Nimemwambia mke wangu cheo ni chetu. Akauliza kama nimekwisha sugua sufuria.

Jumanne, 5 Machi
Siri imefichuka! Binamu aliyefanya kazi hotelini anasema wenye Kiingereza chao hawasemi wanachomaanisha. Wakisema kitu kinavutia, wamekichukia. Wakisema si kibaya, wamekipenda mno. Kumbe maneno ni maganda, utamu uko ndani! Nikamweleza bosi kwa kirefu. Alipiga miayo. Nadhani alipendezwa.

Alhamisi, 7 Machi
Amekuja daktari wa meno kuchukua kabati lake. Kiingereza kitupu. Nikampiga kikumbo shemeji, nikawahi mbele. Daktari akasema mlango haufungiki. Nikamnong'oneza bosi kwamba hiyo ni sifa. Daktari akarudia, safari hii kwa ukali. Nikafasiri kwamba furaha imemzidi, bei ipande. Bosi akapandisha! Daktari akachukua mkoba wake aondoke. Ndipo shemeji akafungua kabati, akachomoa koti lake mwenyewe alilotundika humo tangu asubuhi, mkono wa koti ukiwa umebanwa na mlango. Akasema samahani, kwa Kiingereza. Mlango ukafungika ndi! Daktari alicheka mpaka akakaa chini, akalipa bei ya zamani, akaagiza kabati la pili. Mkosaji ndiye shujaa! Dunia hii!

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji yuko chini ya feni, anapiga mluzi. Mke wangu amecheka hadi machozi, nami nikacheka naye, shingo upande. Leo bosi aliniita. Kwa Kiswahili chepesi kabisa akasema nisimkaribie tena mteja yeyote, nishike ufagio. Mwingine angekata tamaa. Mimi nasikia cha ndani. Ufagio huingia kila chumba, hata ofisini kwake. Anamwandaa mrithi! Nimemwomba mke wangu anipigie pasi shati jeupe. Amesema nipige mwenyewe. Masikini, fahari imemjaa, hajui tu pa kuificha.