Roboti Arobaini na Nane na Koti la Mwenyekiti

Ndugu wananchi (samahani, siku hizi tunasema mabibi na mabwana), ninayo heshima kubwa kuwatangazia kwamba katika mwaka huu wa mageuzi taifa letu limeunda chombo ambacho hata nchi tajiri bado hazina: Kamati ya Muda ya Kukusanya na Kupima Roboti Zigeukazo. Mwenyekiti wake ni mimi, Octavian Chidosa, Afisa Mwandamizi, Idara ya Mambo Yasiyo na Idara, Dodoma.

Chanzo ni mama mmoja wa Kondoa, Mwanaidi, mfanyabiashara. Aliteremsha kwenye treni hapa Dodoma makatoni ya midoli kutoka Dubai. Kwenye makaratasi yake yameandikwa malori madogo arobaini na nane. Mkaguzi wa forodha akachukua lori moja, akavuta mlango, ukachomoza mkono. Akavuta tena, lori likasimama kwa miguu miwili likamkodolea macho. Mkaguzi yule aliomba likizo saa ile ile. Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili tu, "chombo cha moto" na "mtu", na hakuna sheria inayoruhusu kimoja kuwa kingine bila kibali. Makatoni yakaletwa kwetu.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nilikaa nikatunga kanuni. Ili kigeukacho kipate Daraja la Kwanza, sharti kigeuke chini ya dakika moja, kisidondoshe kiungo, kirudi kilivyokuwa bila kuonyesha alama, na uso wake ubaki mkavu muda wote. Kikipatikana kimoja tu cha Daraja hilo, kitahifadhiwa kwenye ghala letu la Ihumwa kwa manufaa ya taifa, na vilivyobaki vyote vitarudishwa kwa mwenye mali siku hiyo hiyo. Nilizipiga muhuri mwenyewe. Muhuri ulilia vizuri sana.

Kazi ikaanza. Katibu alikuwa Emilia wa masjala. Mtaalamu wa ufundi alikuwa Batholomeo, dereva wa idara, ambaye alikataa katakata kugeuza lori lolote kabla ya kulipasha moto injini.

"Mkubwa, gari ni gari," alisema, akalisukuma mezani huku akinguruma kwa mdomo. Baada ya robo saa akaligeuza. Mkono wa roboti ukabaki kiganjani mwake.

"Limefeli," nikatamka. "Lirudiwe kesho."

Kanuni hazikusema lirudiwe mara ngapi. Wiki tatu zikapita. Nitakuwa mwongo nikisema tulikuwa tunaumia. Roboti mmoja mwekundu nilimweka mezani kwangu akandamize mafaili. Emilia alichukua wawili kwa uchunguzi wa nyumbani. Batholomeo aliwapanga sita mbele ya usukani kwa kufuata vyeo.

Mwanaidi alishinda kwenye benchi la nje kila siku ya Mungu.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba mama. Njoo kesho."

"Mwenyekiti, Idi ni keshokutwa! Watoto wa Kondoa wananisubiri mimi. Idi ikipita nitamuuzia nani, mbuzi?"

"Serikali haiendi kwa mwezi mwandamo, mama."

Machozi yalimlengalenga. Roho iliniuma kidogo, nikaagiza chai. Yeye akarudi kwenye benchi, na kwa kuwa joto lilikuwa kali, mlango niliuacha wazi.

Hapa nieleze jambo la koti. Katika idara yetu koti likiwa kwenye kiti, mkubwa yupo, hata kama mwenyewe yuko kwenye nyama choma. Huo ni utaratibu, na wananchi wanauheshimu.

Saa nne akaja kada mmoja mkongwe wa chama. Nikavua koti, nikalitundika kwenye kiti, nikavuta tai (ni ya mpira, haina usumbufu), nikaitupia kwenye droo. "Ndugu! Ujamaa hatuuachi ng'o!" Akatoka ameridhika. Hajafika ngazini, akaingia mwekezaji mwenye miwani ya jua. Koti mwilini, tai shingoni. "Karibu sana mista! Hapa ni soko huria tupu, hata benchi hilo la nje linauzwa!" Mwanaidi akanyanyuka kidogo. Mwekezaji akatoka, yule kada akarudi, kasahau kofia yake. Koti kitini, tai kwenye droo. "Ndugu! Yule mgeni nilikuwa namfukuza!"

Kada alipoondoka, nikasikia Mwanaidi akisema, "Emilia mwanangu, hebu nipe ile fomu ya kupimia."

Akajaza taratibu, nakala tatu. Jina la kigeukacho: Octavian Chidosa. Muda: sekunde nane. Viungo vilivyodondoka: hakuna. Alama: hakuna. Uso: mkavu.

Emilia akaisoma mara mbili, akitafuta mahali panapouliza kama kigeukacho ni cha plastiki. Hapakuwepo. Akagonga muhuri.

"Emilia! Hii ni dhihaka!"

"Mkubwa, imejazwa kikamilifu."

"Batholomeo, sema kitu!"

Batholomeo alinizunguka mara mbili, akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. "Hakuna kilichodondoka, mkubwa. Hongera sana."

Kila sharti lilikuwa na pointi kumi; nilipata arobaini kwa arobaini. Roboti bora kuliko zote ilikuwa na ishirini na mbili. Muhuri wangu siwezi kuubishia, na msimwambie mtu, nilijisikia fahari.

Makatoni yakatoka siku hiyo hiyo, hata mwekundu wangu, hata wale sita. Mwanaidi alinipa mkono akicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mwenyekiti, Mungu akuweke. Ihumwa kuna upepo mzuri." Nasikia siku ya Idi adhuhuri haikumkuta na lori hata moja. Kwa kanuni yangu mwenyewe, Batholomeo akaniwahisha ghalani Ihumwa, baada ya kuipasha moto injini. Katika haraka ile koti likabaki kwenye kiti.

Ghalani nilifungwa kibati shingoni: Daraja la Kwanza, Mali ya Taifa, Isiguswe. Kila Jumatatu nilipanguswa vumbi. Wiki ya tatu nikachoka, nikapanda lori la mawe hadi mjini, nikamkuta Emilia mlangoni.

"Nataka kurudi kazini," nikamwambia.

"Mwone mkubwa. Yupo."

"Mkubwa gani?"

"Si koti lake lile pale?"

Nikachungulia. Mzee mmoja alikuwa ameinama mbele ya kiti changu, anatoa shikamoo. Juu ya meza hapakuwa na faili hata moja lililolala.

"Emilia, wee! Koti lile ni langu! Mkubwa ni mimi!"

Akakisoma kibati changu kwa makini, akarudi nyuma hatua moja asije akanigusa. "Njoo kesho, mzee."

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Kumbe lile benchi lina msumari.