Leo Bodi Imeangalia Filamu ya Klabu Yetu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya bodi ya shule, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Mnajua nafundisha sekondari hapa Nachingwea, na habari za klabu yangu ya filamu mnazo. Kamera moja ya msaada, mkanda mmoja. Mwaka mzima mkuu wa shule ananiuliza, "Mwalimu, hiyo sinema yako italeta divisheni wani ngapi?" Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumjibu.

Na jibu nilikuwa nalo! Somoe, binti wa kidato cha tatu ambaye darasani hanyooshi hata kidole, alikwenda kijijini Chinongwe kumrekodi bibi yake akisimulia alivyokimbia vita Msumbiji, akavuka Ruvuma na mtoto mgongoni. Maswali kauliza mwenyewe. Kimakua kakitafsiri mwenyewe, kwa sauti yake. Mimi sikugusa kitu. (Ningeishia hapohapo.)

Lakini mwalimu si mimi? Nikaona filamu haiwezi kuanza bila sura yangu. Nikamwambia Somoe aache nafasi kidogo mwanzoni mwa mkanda. Jana nikavaa tai, nikahubiri faida za kufundisha filamu shuleni, nikabonyeza kitufe, nikaiweka kamera kwenye kiti.

Leo wakaja. Bibi naye kaja, kanga mpya, kakalishwa mbele. Wajumbe wanakula. Televisheni ikawashwa, nikatokea na tai yangu. Makofi!

Kisha vikatokea viatu vyangu. (Mama yangu! Kumbe kamera haikuzimika.) Halafu sauti yangu, safi kabisa, nikimwambia mwalimu mwenzangu:

"Wale wazee wa bodi wanajua nini? Wanafuata pilau tu. Mwenyekiti mpe paja la kuku, atapitisha hata klabu ya wachawi."

Mwenyekiti alikuwa na paja mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, taratibu.

Nikaruka kwenda kuzima.

"Acha, Mwalimu," akasema mwenyekiti. "Tusikilize."

Tukasikiliza. Viatu. Miguu ya meza. Mimi nikimsengenya mkuu wa shule. Miguu ya meza tena. Ndipo nikaelewa kwamba jana kamera ilikuwa inarekodi juu ya filamu ya Somoe, inaifuta. Somoe alishaelewa zamani. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Ghafla picha ikaruka. Bibi! Amekaa mkekani, na sauti ya Somoe inatafsiri: "Basi, ndiyo hivyo. Nimemaliza." Giza.

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Somoe, mbona nimemaliza na sijaanza?"

Klabu imefungwa. Kamera imeingia kabatini kwa mkuu, na ufunguo anao yeye.

Kucheka chekeni, ila msiniandikie. Mimi msimamo wangu ni uleule: filamu ifundishwe sekondari. Ningefundishwa mimi, ningejua kuzima kamera.